Msimu wa Mwisho wa Murjan

3 Oktoba 2022, Jeddah

Nimeanza kuandika kwa sababu nimechoka kugombana na ukuta. Mama alizoea kuniambia hasira zangu zinahitaji nyumba yake zenyewe. Haya basi, nyumba ndiyo hii.

Mambo yalivyo ni hivi. Mimi Adhiambo, mzaliwa wa Kisumu, niliyecheza mpira wa kikapu mpaka goti likakataa, ni kocha wa Murjan, timu ya wanawake ya daraja la pili hapa Jeddah. Timu yenyewe haina umri. Kabla ya hapo wasichana hawa walikuwa wakicheza nyuma ya kuta za shule na za nyumba zao, bila mtu wa kuwashangilia. Nchi ilipofungua milango, klabu ikakimbia kuwasajili na kuwapa mikataba ili picha zitoke magazetini. Picha zilitoka. Sasa zimeshazeeka.

Leo meneja, Ustadh Fawaz, ameniita ofisini, akanimiminia kahawa na kunisogezea tende. Bodi imeamua: tukipanda daraja mwezi wa tatu, timu inabaki. Tusipopanda, halas, imekwisha.

"Halas vipi?" nikamuuliza, kana kwamba sijui.

"Halas ni halas, Kabten." Hapa kocha huitwa kabten.

"Na ukumbi?"

Akaitazama kahawa yake. "Wanataka kuweka viwanja vya padel."

Padel! Watu wanne ndani ya sanduku la vioo wakipigiana kimpira. Nimetoka bila kugusa tende zake.

6 Oktoba

Wanaume wa klabu wamechukua saa zetu za ukumbi tena. Tumefanya mazoezi kwenye maegesho ya magari, kwa joto hili. Nimemtumia Fawaz ujumbe. Amenijibu kwa kijipicha cha mikono iliyounganishwa kama anayeomba dua.

12 Oktoba

Leo ni Jumatano, siku ya mazoezi makubwa, na leo walau nimecheka.

Wasichana wangu hawaji peke yao. Kila mmoja ana dereva, na wengi huja na mfanyakazi wa nyumbani wa kubeba begi na chupa ya chai. Wafanyakazi hao hukaa kwenye ngazi za saruji juu ya uwanja, na wengi wao ni Wakenya. Ndio mashabiki wetu, na sina wengine. Kiongozi wao ni Jerioth, mama mfupi wa Kirinyaga mwenye sauti ya kuamsha mtaa, anayefanya kazi kwa kina Renad, mshambuliaji wangu. Wiki nzima Jerioth havuki geti la nyumba ile isipokuwa kuja hapa. Ndiyo maana hajawahi kuchelewa.

Yeye ndiye chanzo cha sisi kucheza kwa Kiswahili. Mwanzoni nilikuwa napaza sauti kwa Kiingereza na nusu yao hawashiki kitu, na Kiarabu changu ni cha kununulia nyanya. Siku moja nikapandwa na mori nikamfokea Renad, "Rudi nyuma wewe, rudi nyuma!" Renad akarudi nyuma. Kule juu Jerioth akaangua kicheko: "Kocha, huyo anaelewa! Unafikiri jikoni huongea na nani?"

Kumbe wasichana kadhaa walikuwa hivyo, na waliobaki walijifunza. Sasa uwanjani natoa maagizo waziwazi, sifichi kitu: yule amechoka, mkimbize, huyu haruki, mrushie juu yake. Wapinzani wanatukodolea macho wasijue kinachowapata. Leo Hadil, nahodha wangu, amemwambia mwenzake "Amka wewe, umelala?" kwa lafudhi safi ya Kirinyaga, na ngazi zote zikacheka.

25 Oktoba

Tumeshinda. Goti linauma.

9 Novemba

Tumeshindwa na timu ya Dammam kwa uzembe wetu wenyewe. Fawaz alikuwepo, akaondoka kabla ya kipenga cha mwisho, akitazama saa kama mtu aliyechelewa harusi. Simpendi.

22 Novemba

Wanaume wa timu ya taifa ya hapa wamewafunga Argentina kwenye Kombe la Dunia. Honi mji mzima, na kesho ni likizo. Nimefika ukumbini nikakuta kufuli.

24 Novemba

Mvua ya Jeddah haijui kunyesha kistaarabu. Imekuja asubuhi, barabara zikawa mito, magari yakaelea, na paa la ukumbi likatoboka palepale tulipo sisi. Upande wa wanaume ni mkavu.

Nilifika nikiwa nimelowa mpaka kiunoni, nikidhani niko peke yangu. Nikamkuta Hadil amepiga magoti anakausha sakafu kwa taulo lake. Hadil, ambaye baba yake ni mkubwa bandarini na sijui kama amewahi kushika ufagio. Renad alikuwa naye, na Jerioth akiwafokea wote wawili: "Si hivyo! Unasukuma maji kwenda wapi? Kamua kwanza!" Wakawa wanakamua.

Kisha akaja Fawaz na mwavuli. Hakuinama hata kuokota kijiti. Alisimama akipiga picha: paa, sakafu, ndoo, paa tena. Nikamwambia wazi kwamba anakusanya ushahidi wa kutuzika. Akapiga picha nyingine.

7 Desemba

Ushindi. Jerioth amepoteza sauti, anashangilia kwa kupiga sufuria.

14 Desemba

Ushindi tena. Sufuria imepigwa marufuku na refa.

18 Januari 2023

Ligi imekwisha na sisi ni wa pili. Nafasi ya kupanda daraja tutagombea na timu ya Riyadh, mechi mbili: moja hapa, moja kwao, alama zinajumlishwa. Nimewaona kwenye video. Wana kila kitu, hata mtaalamu wa chakula. Mchezeshaji wao ni namba nne, Lujain, msichana wa miaka kumi na tisa hivi, mwepesi, mwenye macho ya mwizi. Ila nimemgundua: hana mkono wa kushoto. Anadunda kwa kulia, anapasi kwa kulia, anafunga kwa kulia. Msichana anayetumia upande mmoja tu wa mwili wake, mimi najua la kumfanya.

8 Februari

Tumefungwa kwa alama sita, nyumbani kwetu, na nikifumba macho bado naona.

Walijua kila kitu. Nikisema mpe Renad, namba nne ameshafika kwa Renad. Nikisema zunguka nyuma, namba nne yuko nyuma anatungoja. Dakika zote zile, kana kwamba ameketi kwenye benchi langu. Niliita mapumziko nikabadilisha mpango, na dakika mbili baadaye wakawa wameujua na mpango ule. Hiyo si bahati. Mtu amewapa michezo yetu.

Jambo jingine: Jerioth alikuwa kimya. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, amekaa ngazini amekunja mikono, hashangilii, anatazama uwanja kana kwamba anaangalia msiba.

Baadaye Hadil akanivuta pembeni. "Kabten, sitaki kusema vibaya. Lakini Jerioth wa kina Renad alikuwa akifanya kazi Riyadh. Kwa familia ya namba nne."

"Nani kakwambia?"

"Mama yake Renad. Ndiko walikomtoa."



13 Februari

Leo nimemalizana naye. Naandika kama yalivyokuwa ili kesho nisijidanganye.

Nilimfuata ngazini wasichana wakiwa wanaoga. "Ulifanya kazi Riyadh."

"Nilifanya, kocha. Miaka mingi."

"Kwa nani?"

Akakunja taulo la Renad, akalikunjua, akalikunja tena. "Kwa kina huyo namba nne."

"Na hukuniambia."

"Ningekuambia nini? Ati nilikuwa napikia watu huko?"

"Uliwaambia michezo yetu, Jerioth."

"Mimi?" Akasimama. Ananifika kifuani. "Niwaambie na mdomo gani? Tangu nitoke huko sijaongea na mtu wao hata mmoja. Kocha, tafadhali nisikize. Mkienda Riyadh usiongeleshe wasichana Kiswahili. Hata neno moja."

Damu ikanipanda kichwani. Nimekuja na kesi, yeye ananipa maagizo! "Sasa wewe ndiye utanifundisha kazi? Niwaongeleshe nini, Kiarabu cha nyanya?"

"Si hivyo, ni vile huyo mtoto..."

"Mtoto gani? Usinizungushe. Riyadh huendi. Nitamwambia madam wako basi limejaa."

Alinitazama. Nilitarajia matusi, na matusi ningeyajibu. Akachukua begi la Renad akalitia begani, akasema, "Sawa, kocha," kwa ile sauti ambayo watu wetu huwaambia mabosi wao. Imenikera kuliko tusi lolote.

Basi halijajaa. Lina viti tele.

22 Februari

Sikukuu ya Kuasisiwa kwa nchi hii. Bendera kila mahali. Tumefanya mazoezi hata hivyo, michezo mipya yote, milango imefungwa, hakuna anayekaa ngazini. Nimewafukuza wafanyakazi wote, wakae kwenye magari. Ukumbi umekuwa kimya kama hospitali. Renad hanisemeshi.

28 Februari, Riyadh

Wanaume husafiri kwa ndege. Sisi tumepakiwa basi, kutwa nzima jangwani, goti langu limevimba kama papai. Tumelazwa hoteli moja ya mtaa wa Olaya, kati ya majengo marefu ya vioo. Dirishani naona wanaosafisha vioo hivyo wakining'inia kwa kamba. Nimewatazama mpaka wakashuka salama.

Hesabu ni nyepesi: tushinde kwa saba, tupande daraja, timu iishi. Pungufu ya hapo, padel.

1 Machi, Riyadh

Nataka kuandika matusi tu, lakini nitajaribu kufuata mstari.

Tulianza vizuri. Michezo mipya ilifanya kazi kwa sababu wasichana waliijua kwa moyo na mimi nilikuwa nimekauka sauti kwa kiyoyozi cha basi. Robo mbili nzima sikuweza kupaza sauti, nilitumia vidole. Tukaongoza. Nikajisemea, unaona? Tumeziba tundu. Alikuwa yeye.

Robo ya tatu sauti ikarudi. Wamenipa maji ya moto na asali, nikaishukuru asali ile! Nikaanza kupiga kelele zangu, na pengo letu likaanza kuliwa, pasi moja hapa, pasi moja pale. Lujain alikuwa kila mahali. Nikasema ni uchovu. Nikasema ni refa. Nilimtukana refa kwa Kiswahili, nikatukana na bodi, na Fawaz, na mtu aliyebuni padel.

Sekunde za mwisho: tunaongoza kwa sita na mpira ni wetu. Kikapu kimoja tu. Hadil ana mpira, mbele yake amesimama Lujain. Msimu mzima umebaki kwa watu wawili, na mimi nikatoa silaha niliyoiweka tangu Januari. Nikapaza sauti kwa nguvu zangu zote: "Mpite kushoto kwake, Hadil! Kushoto! Mkono huo hana!"

Hadil akaenda kushoto kwake. Na Lujain, nusu hatua kabla, alikuwa ameshageuka upande huo. Mkono wa kushoto ukatoka mahali sijui, ukauchota mpira chini ya mkono wa Hadil, ukaudunda uwanja mzima, mkono uleule, ukauweka kikapuni. Kipenga.

Tulishinda mechi tukapoteza timu. Hadil alilala sakafuni na hakuna aliyeweza kumwinua.

Nilikuwa nimekaa kwenye benchi nafunga na kufungua bandeji ya goti, wakati viatu vyeupe viliposimama mbele yangu.

"Shikamoo, kocha."

Nikainua macho. Namba nne. Lile neno lilitoka na lafudhi yote ya Kirinyaga, kana kwamba Jerioth mwenyewe amefichwa kooni mwake.

"Jerioth ako wapi?" akauliza.

Nikaiachia bandeji ikaning'inia.

"Nilimwona kule Jeddah, pale juu kwa ngazi. Mamangu alikuwa karibu, sikuweza kwenda. Nikasema, Riyadh atakuja tu, nitamsalimia." Alikuwa akitafuta kwa macho nyuma yangu, kati ya mabegi. "Hakuja?"

"Hakuja."

"Ni mgonjwa?"

"Si mgonjwa."

Akavuta pumzi. "Alinilea, kocha. Kutoka nikiwa mtoto wa mkono. Nilikuwa na miaka kumi na moja, nikaamka asubuhi, mafi Jerioth, hayuko. Hakuna mtu aliniambia kitu. Hata kwaheri sikumwambia."

"Ulielewa yote niliyokuwa nasema?" Swali la kipumbavu, lakini ndilo lililotoka.

"Yote." Akatabasamu kidogo, kwa aibu. "Kocha, unatukana sana."

Akavua kitambaa cha jasho alichovaa mkononi akanipa. "Mpe. Mwambie nimekua mrefu." Kisha mtu akamwita kwa Kiarabu, akaondoka mbio.

Mimi ni mpumbavu wa daraja la kwanza. Wasichana wangu wamefundishwa Kiswahili jikoni, nimeliona hilo kwa macho yangu, nimelicheka, nimejengea timu nzima juu yake. Na haikunijia hata mara moja kwamba Riyadh nako kuna majiko. Nilidhani Jeddah peke yake ndiyo yenye wanawake waliowaacha watoto wao nyumbani waje kulea wa watu.

Alinionya. Kunionya mimi kulikuwa kumwangusha mtoto aliyemlea, na bado alinionya, na mimi nikamfungia mlango wa basi lenye viti tele.

2 Machi, barabarani

Kutwa nzima ya jangwa. Nimemwambia Renad kila kitu. Akaniambia, "Alipika tangu usiku wa manane, akidhani utabadilisha mawazo. Chakula kilikuwa cha watu wote." Kisha akageukia dirisha.

14 Machi, Jeddah

Halas rasmi. Mafundi wamekuja na vipimo vya padel kabla jasho letu halijakauka.

Kwenye korido kuu kuna ukuta ulioandikwa historia ya klabu, tangu kuanzishwa, kila kikombe na kila kikosi. Nimetembea nao mwanzo hadi mwisho. Murjan haipo. Hata kwa mstari mmoja. Nikaenda kwa Fawaz nikapiga meza yake mpaka vikombe vikaruka. Nikamwambia ni mwoga, ni mpiga picha wa mazishi.

Akafungua simu yake. Zile picha za mvua. Alizituma kwa bodi nzima siku ileile, kumbe akiomba paa litengenezwe. Aliomba tena Desemba, na Januari, na hakuna aliyemjibu. "Mimi ni mwajiriwa kama wewe, Kabten," akasema. Kisha akaenda ukumbini, akapanda ngazi ya mafundi akiwa amevaa kanzu yake nyeupe, akafungua kikapu kimoja kwa bisibisi na kukitia ndani ya gari la Hadil, wasichana wakakitundike kwingine. Kanzu ilichafuka kutu kifuani. Bado sijampenda, lakini sitamwita mwoga tena.

20 Machi

Ramadhani inakuja, na mkataba wangu umekwisha pamoja na timu. Nimekwenda kwa kina Renad kuaga. Kusema kweli, sikuwa nimekwenda kumuaga Renad.

Jerioth alikuwa getini anamwagia maji vumbi la ngazi. Aliponiona akazima bomba.

"Kocha."

"Jerioth." Nilikuwa nimepanga maneno mazuri njia nzima. Yote yakakimbia. "Tumefungiwa."

"Renad aliniambia. Sasa Jumatano ni siku kama zingine." Alisema bila lawama, na mimi ndipo nikaelewa kilichofungwa. Mimi napanda ndege kwenda nyumbani. Wasichana wataenda kucheza ufukweni, wana kikapu na magari. Yeye alikuwa na mlango mmoja tu kwa wiki, na ulikuwa ule.

Nikampa kitambaa. "Amesema amekua mrefu."

Akakishika kwa mikono miwili iliyolowa. "Nilimwona. Amekonda. Bado anaongea Kiswahili?"

"Anaongea kama wewe. Alikuulizia. Alikutafuta katikati ya mabegi."

Hakulia. Akakigeuzageuza kile kitambaa, akauliza, "Mpira aliwanyang'anya na mkono gani?"

"Wa kushoto. Mimi nilikuwa nimewaambia wasichana mkono huo hana."

Jerioth akatikisa kichwa polepole. "Ako nao. Mezani walikuwa wanamchapa huo mkono. Kula na wa kulia, andika na wa kulia. Basi akija jikoni namwachilia. Anakoroga uji na huo, anarusha mpira kwa ukuta na huo, siku nzima, du, du, du, na mimi nimesimama kwa mlango nachunga mtu asikuje." Akakivaa kitambaa mkono wake wa kushoto, akashusha mkono wa nguo kikafichika. "Hata wao hawakujua bado ako nao. Ni mimi tu."

"Jerioth, nisamehe."

Ndani sauti ikaita jina lake, mara ya kwanza kawaida, mara ya pili kwa ukali.

"Naam, madam!" akaitika. Akaniangalia, akafungua mdomo kunijibu, na sauti ikaita mara ya tatu. Akaingia. Geti la umeme likajifunga lenyewe, taratibu, na nilisimama pale barabarani nikingoja, kwa sababu jibu langu lilikuwa limebaki ndani.